Siku Israeli ilipokosa mhunzi



Ukirudi kutoka ibadani leo, fungua Biblia yako katika 1 Samweli 13, mstari wa 19 hadi wa 22. Ni mistari ambayo wengi wetu huiruka. Iko katikati ya habari za vita, haina muujiza wala unabii. Inazungumzia biashara ya kunoa majembe.

Wafilisti walihakikisha kwamba katika nchi yote ya Israeli hakuna mhunzi hata mmoja. Waliogopa kwamba Waebrania wakiwa na fundi wa chuma watajitengenezea panga na mikuki. Basi mkulima wa Israeli, jembe lake likiwa butu, hakuwa na pa kwenda ila kushuka kwa Wafilisti. Shoka likipoteza makali, anashuka. Mundu ukikataa kukata, anashuka tena. Huko anakuta bei imeshapangwa na mwenye kiwanda.

Katika mstari wa 21 kuna neno la Kiebrania, pim, ambalo halionekani mahali pengine popote katika Biblia. Watafsiri wa zamani hawakujua maana yake, wakakisia, na ndiyo maana katika baadhi ya Biblia zetu huwezi kuiona bei hiyo. Ni katika karne ya 20 ndipo vilipopatikana ardhini vijiwe vya mizani vilivyochongwa neno hilohilo. Uzito wake ni karibu gramu 8, kama theluthi mbili za shekeli. Kumbe mwandishi alikuwa akitaja ada ya kunolewa jembe!

Mstari wa 22 unatoa matokeo. Siku ya vita ilipofika, katika watu wote waliokuwa na Sauli na Yonathani hapakuwa na upanga wala mkuki mkononi mwa yeyote. Wenye silaha walikuwa hao wawili tu, baba na mwana.

Hali hiyo Kiswahili kinaiita ukiritimba. Mlango ni mmoja, na mwenye mlango ndiye anayeamua nani apite, lini, na kwa bei gani.

Kuku wa kampuni, deni la mfugaji

Mistari hiyo imenirudia nilipokuwa nikifuatilia safari ya mwanasheria mmoja wa Marekani, Lina Khan. Huyu si mtumishi wa madhabahuni, na sisimulii habari zake kama ushuhuda wa kanisani. Ni mtaalamu wa sera za ushindani wa biashara. Lakini njia aliyoipita ina jambo la kutufundisha sisi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa.

Khan alizaliwa London mwaka 1989, wazazi wake wakiwa na asili ya Pakistani, akahamia Marekani akiwa na umri wa miaka 11. Muda mfupi baada ya kumaliza chuo mwaka 2010 alijiunga na kikundi kidogo kilichoitwa Open Markets, kilichokuwa ndani ya taasisi ya utafiti ya New America mjini Washington. Kazi ya kikundi hicho ilikuwa kuchunguza jinsi masoko ya Marekani yalivyokuwa yakiangukia mikononi mwa kampuni chache, na kuwaeleza wananchi na watawala hatari yake. Kiongozi wake, Barry Lynn, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alikuwa akitafuta mtafiti ambaye hakusomea uchumi. Khan hakusomea uchumi. Akaanza na maswali ya kawaida kabisa: nani anamiliki nini, na anayemuuzia ana mahali pengine pa kuuza?

Mwaka 2012 aliandika habari za wafugaji wa kuku wa nyama. Mpango wao uko hivi. Mfugaji anakopa benki na kujenga mabanda katika shamba lake. Kampuni inamletea vifaranga, chakula na dawa. Kuku si wa mfugaji, ni wa kampuni. Deni la mabanda ndilo lake. Kuku wakishakua kampuni inawachukua, na malipo yake yanapangwa kwa kumlinganisha na wafugaji wenzake wa eneo lile. Aliyefanya vizuri anaongezewa, aliyefanya vibaya anakatwa. Akiletewa vifaranga dhaifu, hasara ni yake. Na katika maeneo mengi hakuna kampuni ya pili ya kwenda kuibishia hodi.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliitisha mikutano ya kuwasikiliza wakulima na wafugaji. Mkutano wa wafugaji wa kuku ulifanyika Alabama mwezi Mei. Wapo walioogopa kusimama kusema. Mfugaji mmoja alipoeleza hofu ya kulipiziwa kisasi, afisa wa juu wa Wizara ya Sheria alimwambia mbele ya watu wote ampigie simu yeye mwenyewe iwapo litatokea lolote. Watu walirudi nyumbani na matumaini. Lakini Khan alipofuatilia miaka miwili baadaye, sehemu kubwa ya kanuni zilizopendekezwa ilikuwa imepunguzwa au kuzuiwa na Bunge, na wafugaji walibaki chini ya mpango uleule.

Tuone hapo kitu ambacho ukiritimba huchukua baada ya kuchukua fedha. Mtu mwenye mlango mmoja wa kutokea hujifunza kunyamaza. Hasemi kwamba mizani ina kasoro, kwa kuwa kesho atahitaji kupimiwa tena kwenye mizani hiyohiyo.

Mkate wa Betheli

Kazi ile ilimfungulia Khan njia mbili. Gazeti kubwa la biashara la The Wall Street Journal lilimpa nafasi ya uandishi, na wakati huohuo Chuo Kikuu cha Yale kikamkubali kusomea sheria. Akachagua sheria. Januari 2017, akiwa bado mwanafunzi, alichapisha andiko kuhusu kampuni ya Amazon ambalo lilisomwa kupita kawaida ya maandiko ya wanasheria.

Hoja yake inaeleweka hata kwa asiyesoma sheria. Tangu mwanasheria Robert Bork alipochapisha kitabu chake mwaka 1978, mahakama za Marekani zilizoea kupima ukiritimba hasa kwa kuangalia mlaji anauziwa kwa bei gani. Bei ikiwa chini, tatizo halipo. Khan akasema bei inaweza kuwa chini leo huku milango mingine ikifungwa mmoja mmoja. Anayemiliki soko na papo hapo akauza bidhaa zake ndani ya soko hilo, anaona wenzake wanauza nini na kwa kiasi gani, na ana uwezo wa kuwapanga anavyotaka.

Alipohitimu mwaka huohuo, mwenye andiko kama lile asingekosa kazi nono katika kampuni za mawakili. Akarudi kwenye kikundi kile kidogo cha kupinga ukiritimba, safari hii akisimamia sera za kisheria. Alirudi mwaka ambao kikundi chenyewe kilikuwa kinakaribia kufukuzwa nyumbani.

Ilikuwa hivi. Juni 2017, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei katika matokeo ya utafutaji wa intaneti. Barry Lynn akatoa tamko la kuipongeza Tume hiyo, akaliweka kwenye tovuti ya New America. Shida ni kwamba New America, kwa mujibu wa gazeti la The New York Times, ilikuwa imepokea zaidi ya dola milioni 21 tangu mwaka 1999 kutoka kwa Google, kwa Eric Schmidt aliyekuwa kiongozi wa kampuni hiyo, na kwa mfuko wa familia yake. Schmidt mwenyewe aliwahi kuwa mwenyekiti wa bodi ya taasisi. Mwishoni mwa Agosti habari zikatoka: Lynn na kikundi chake wametakiwa kuondoka.

Tuwe waungwana, tuseme na upande wa pili. Mkuu wa New America, Anne-Marie Slaughter, alikanusha kwamba fedha za Google ndizo zilizomwondoa Lynn. Alisema tatizo lilikuwa ukosefu wa uwazi na ushirikiano kwa wenzake. Google nayo ilikana kuhusika. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninachojua ni kwamba waliokula kwenye meza ile na kuisema kampuni ile hawakukaa tena kwenye meza ile. Kikundi kikaanza upya kikijitegemea, kikajiita Open Markets Institute.

Sasa soma Amosi 7, kuanzia mstari wa 10. Amosi anatoka Yuda, anapanda kwenda Betheli, na huko anawasema wanaowaponda maskini na kuchezea mizani. Kuhani wa Betheli, Amazia, anapeleka taarifa kwa mfalme, kisha anamgeukia nabii. Hamwambii kwamba ujumbe wake ni wa uongo. Anamwambia arudi kwao Yuda, akale mkate wake huko na kutabiri huko, kwa sababu Betheli ni patakatifu pa mfalme. Maana yake ni rahisi: hapa kuna mwenye nyumba, na mwenye nyumba hasemwi.

Jibu la Amosi huwa linanigusa. Anaeleza kwamba yeye hakuwa nabii wa kazi wala mwana wa nabii. Alikuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu. Alikuwa na kazi ya mikono yake, mkate wake haukutoka Betheli, na kwa hiyo ulimi wake haukuwa na bwana mwingine ila Mungu aliyemtuma.

Mbona bei ni nafuu?

Najua kuna msomaji anayesema: mchungaji, mbona hao wakubwa wanatuuzia kwa bei nafuu? Mbona duka kubwa limetuletea vitu vizuri ambavyo mangi wa mtaani hakuwa navyo? Swali hilo ni la haki. Ukubwa peke yake si dhambi, na udogo peke yake si utakatifu. Kuna duka dogo lenye mizani ya wizi.

Lakini rudi kwa mhunzi wa Kifilisti. Huenda alinoa vizuri sana. Huenda jembe lililotoka kwake lilikata kuliko la fundi yeyote wa Israeli. Maandiko hayalalamikii ubora wa kazi yake. Yanatuonyesha siku ya vita, watu wakiwa mikono mitupu. Wakulima walilipa ada yao miaka yote bila kujua kwamba pamoja na ada walikuwa wanaacha huko uwezo wa kujitetea.

Mfano mwingine ni mgumu zaidi, maana unamhusu mtu tunayempenda. Soma Mwanzo 47, kuanzia mstari wa 13. Yusufu amekusanya nafaka yote ya Misri. Njaa inakuja, watu wanakuja kununua. Fedha zinaisha, wanaleta mifugo. Mifugo inaisha, wanaitoa ardhi yao na wao wenyewe wawe watumwa wa Farao. Yusufu aliokoa maisha yao, na wao wenyewe walimshukuru kwa hilo. Hatuna sababu ya kumlaumu. Ila njaa ilipokwisha, ardhi ya Misri ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kisha Kutoka 1:8 inatuambia akainuka mfalme mwingine asiyemjua Yusufu, na wajukuu wa Yakobo wakajikuta wakifyatua matofali chini ya viboko.

Ghala likiwa moja, usalama wa watu wote unategemea moyo wa mwenye ufunguo. Leo ufunguo unaweza kuwa kwa Yusufu. Lakini mioyo ya wanadamu hairithishwi pamoja na funguo.

Khan alipata nafasi ya kujaribu hoja zake serikalini. Juni 2021, akiwa na miaka 32, Baraza la Seneti lilimthibitisha kwa kura 69 dhidi ya 28, na Rais Joe Biden akamteua kuongoza FTC, chombo cha shirikisho kinachosimamia ushindani wa biashara. Mwaka 2023 chombo hicho, pamoja na majimbo 17, kiliishtaki Amazon. Hakushinda kila shauri. Mahakama ilikataa kuizuia Microsoft isiinunue Activision, na kanuni yake ya kupiga marufuku mikataba inayomzuia mfanyakazi kuhamia kwa mshindani ilitenguliwa na jaji wa Texas mwaka 2024. Aliondoka mwanzoni mwa 2025. Wapo wanaomwona shujaa, wapo wanaosema aliwasumbua wafanyabiashara bure. Historia itapima. Lakini kazi yake ilianzia kwenye kikundi kidogo, kwa mfugaji wa kuku aliyeogopa kusema.

Zawadi iliyoligawa kanisa

Kabla hatujawanyooshea vidole watu wa Washington, tukumbuke kwamba kanisa nalo limepita hapo. Mwaka 1905, tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, Mbaptisti aliyekuwa mtoaji mkubwa, alitoa dola 100,000 kwa bodi ya misheni ya makanisa ya Kikongregesheni ya Marekani. Kampuni yake, Standard Oil, ilikuwa imewameza washindani wake kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa makubaliano ya siri na kampuni za reli ili asafirishe mafuta kwa nauli ya chini kuliko wenzake. Mwandishi Ida Tarbell, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wadogo wa mafuta huko Pennsylvania, alikuwa ameyaweka hayo wazi katika kitabu cha mwaka 1904.

Mchungaji Washington Gladden wa Columbus, Ohio, aliyekuwa msimamizi wa baraza la taifa la makanisa hayo, akasimama kupinga. Aliona kwamba kanisa likiipokea fedha ile na kuishukuru, halitaweza tena kuikemea njia iliyoileta. Mjadala ukawa mkali. Kisha ikabainika jambo la aibu: zawadi haikuja yenyewe. Viongozi wa bodi ndio walioiomba. Fedha ikabaki. Gladden alishindwa katika shauri hilo, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru Standard Oil ivunjwe, ikagawanywa kuwa kampuni 34. Serikali ilisema mwishoni kile ambacho kanisa lilisita kusema mwanzoni.

Sisi tunajua hali hiyo inavyokuwa. Harambee ya ujenzi inatangazwa, mgeni rasmi anapatikana, bahasha ni nene, bati zinapatikana kwa siku moja. Tunashangilia, na ni halali kushangilia. Lakini jiulize: Jumapili inayofuata, mchungaji akifika kwenye Amosi 8, kwenye wale wanaopunguza kipimo na kuongeza bei, atahubiri kwa sauti ileile? Na mkulima aliyekaa nyuma kabisa, ambaye magunia yake ya mahindi hujazwa rumbesa na mnunuzi huyohuyo kwa kuwa hakuna gari lingine linalofika kijijini, atasikia neno la faraja au ataona kanisa limehama na kwenda kukaa kwa mnunuzi?

Tunachoweza kufanya

Hapa nyumbani sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani inayoisimamia. Wenzetu wa Kenya wanayo yao ya mwaka 2010. Sheria hizo zinahitaji watu wa kuzisoma, kuzieleza kwa lugha ya kijijini, na kumsindikiza mnyonge anapokwenda kulalamika. Kijana wetu aliyesoma sheria, uchumi au uhasibu, tunayemwombea kila mwaka apate kazi, je, tumewahi kumwambia kwamba hiyo nayo ni huduma? Tunawaombea wawe wakubwa katika kampuni kubwa. Tuwaombee na wale watakaochagua meza ndogo yenye mshahara mdogo, ili mfugaji na mkulima wawe na mtu wa kuwasemea.

Wakulima katika sharika na parokia zetu nao wana la kufanya. Wanaokusanya mazao yao na kuuza kwa pamoja wanapata nguvu ya kusema hapana, ambayo mmoja mmoja hana. Kikundi cha akina mama kinachokopeshana kinamwokoa jirani asiende kwa mkopeshaji pekee wa mtaa. Kila mlango wa pili unaofunguliwa ni mhunzi mmoja aliyerudishwa katika nchi ya Israeli.

Na wewe unayemiliki mlango wa pekee, yaani mashine pekee ya kusaga, gari pekee la mizigo, duka pekee la dawa za mifugo, usijione umesahauliwa katika tafakari hii. Mungu amekupa ufunguo. Jirani yako hana pa kwenda, na wewe unalijua hilo. Jinsi unavyompokea siku anapokuja na jembe lake butu ndiyo ibada yako ya Jumatatu.

Tuombe. Ee Bwana, utupe mkate usiotufunga ulimi. Uwape wataalamu wetu moyo wa kukaa upande wa asiye na mlango wa pili. Ulilinde kanisa lako lisigeuke patakatifu pa mfalme. Na sisi wenye funguo ndogondogo, utukumbushe kwamba mwenye ghala ni wewe. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Nawatakia Jumapili njema.